Vita vya Kobe na Pasi, na Jinsi Barua za Shela Zilivyorudi Kwao

Enyi mlioketi na mlio wima, enyi wenye simu mkononi na ninyi mlioziacha zikichajiwa ukutani, sogeeni mtege masikio. Nyamazisheni cherehani zenu, inueni nyayo kutoka kwenye pedali, kwa maana nawaletea habari ya vita ambavyo ardhi haikutetemeka, mbingu hazikupasuka, wala jirani muuza rangi hakuinua kichwa kutoka kwenye kopo lake. Na bado nasema, tangu watu waanze kuandikiana, hapajapiganwa vita vikubwa kuliko hivi katika ujia mwembamba kuliko ule.

Nawe Subira, mama wa wote waliokodolea macho kiduara kinachozunguka pasipo kufika popote, shika kalamu yangu. Nisipoyaandika haya mimi, yatasahauliwa, na dunia itaendelea kudhani kwamba barua pepe hufika zenyewe.

Palikuwa na duka la ushonaji, baina ya muuza rangi na fundi saa, na ndani yake walitawala dada wawili. Mmoja aliitwa Shangazi Mkubwa, Malkia wa Marinda, ambaye sare za shule zilitoka mikononi mwake zimenyooka hata watoto waliozivaa walionekana watiifu. Wa pili aliitwa Shangazi Mdogo, Bibi wa Lesi, ambaye hakuna bibi harusi aliyewahi kuvaa shela yake asilie mbele ya kioo, na kulia kwa furaha. Kwa miaka mingi walishona chumba kimoja, wakiimba wimbo mmoja, kila mmoja akiuharibu kwa namna yake.

Kisha likaja jambo la mkasi.

Kila aliyewahi kukalia kigoda cha fundi cherehani anaijua sheria hii kabla hajajua kutunga uzi: mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Karatasi hula makali kimyakimya kama mchwa alavyo mlango. Basi asubuhi moja ya haraka, Shangazi Mkubwa alichukua mkasi wa mdogo wake akakatia kiolezo cha kola, karatasi tupu, kisha akaurudisha palepale. Jioni yake mkasi ule ulitafuna lesi ya bibi harusi badala ya kuikata.

"Nani ameshika mkasi wangu?" akauliza Shangazi Mdogo.

"Labda panya," akajibu Malkia wa Marinda, bila kuinua macho.

"Panya gani huyo mwenye vidole, dada?"

Dada hakujibu, na kutokujibu huko ndiko kulikojenga ukuta. Wiki haikuisha, plaiwudi ilisimama katikati ya duka kutoka sakafuni hadi darini. Wimbo ukakatika. Wakabaki wakishirikiana vitu viwili tu, vyote katika ujia wa nyuma: soketi moja ya umeme, na kompyuta kuukuu isiyo na kioo, iliyoketi chini ya meza ya pasi ikipumua kwa feni, nao wakaiita Kobe.

Kobe ndiye aliyepokea barua pepe za wateja. Kila duka lilikuwa limejipatia kikoa chake, yaani lile jina linalokaa mwishoni mwa anwani: Mkubwa alichukua jina la sare, Mdogo akachukua jina la shela. Kwa mteja aliye mbali zilikuwa nyumba mbili zenye heshima zao. Kwa kweli zilikuwa majina matupu yasiyo na tofali wala bati, na nyuma ya majina yote mawili alikaa Kobe yuleyule, akijifanya wawili. Hapo ndipo balaa lilipotaga yai.

Maana bibi harusi mmoja aliandika akiomba shela ndefu ya kuburuza, yenye maua madogo pembeni. Barua haikufika kwenye sanduku la shela. Iliangukia kwenye sanduku la sare, na Shangazi Mkubwa, ambaye husoma barua kama atazamavyo mawingu, juu juu, akamjibu kwa ukarimu: "Tumepokea. Tafadhali tuma nembo ya shule na useme wanafunzi ni wangapi."

Bibi harusi alikuja mwenyewe, macho mekundu, kuuliza kama ni dhihaka.

Siku ile plaiwudi ilitetemeka. "Dada!" ilipaa sauti ya Bibi wa Lesi. "Uliniulia mkasi nikanyamaza. Sasa umeanza kuniibia barua! Wavishe maharusi sare basi, uwapange mstarini, uwapigie na kengele!"

"Mimi nikuibie barua? Nina kazi ya kupoteza mimi? Zinakuja zenyewe!"

"Zinakuja zenyewe, kama panya!"

Akaapa mbele ya mteja, na mbele ya Kobe aliyekuwa akipumua tu, kwamba barua yake moja tu zaidi ikionekana upande wa pili, atafungasha cherehani yake ahamie kwa mafundi wenzake ng'ambo ya mji, na plaiwudi ile hataiona tena maishani mwake.

Kiapo hicho kilimpata mtu mmoja kifuani. Huyo ni mpwa wao, mwana wa kaka yao, waliyemlea kwa zamu: mmoja akimshonea kaptula, mwingine akimpunguzia. Jina lake la kupewa halina haja hapa. Mtaa mzima ulimwita Kebo. Kebo, Mfungua Vifuniko, Mwana wa Nyaya, aliyehitimu masomo ya mitambo kwa joho la kuazima na bado akisubiri dunia imwite. Alikuwa kijana wa moyo mwepesi. Aliamini kwamba ugomvi wote wa wanadamu, ukiuchimbua hadi chini, utakuta mahali fulani pana mpangilio uliokosewa, na kwamba mpangilio hurekebishika. Kumwona shangazi mmoja akimhama mwingine kulikuwa kwake sawa na kuona mikono yake mwenyewe ikiagana.

Akafunga kamba za viatu, akaingia ujiani, akapiga magoti mbele ya Kobe.

"Ewe Kobe!" akanguruma. "Mwenye gamba la bati na pumzi ya feni! Nimekuja nikiwa na kibodi begani na kioo kwapani, na sitainuka hapa hadi kila barua iijue nyumba yake!"

"Kebo," ikaita sauti nyuma ya plaiwudi, "unaongea na nani huko?"

"Na mashine, shangazi."

"Haya. Ikikujibu, niite."

Sasa, msikilizaji, nikueleze silaha za vita hivi. Ndani ya Kobe aliishi tarishi, programu isiyolala igawayo barua. Tarishi yule hakuwa na akili yake mwenyewe. Alijua yale tu aliyonong'onezwa alipoamka. Manong'ono hayo wenye taaluma huyaita vigeu vya mazingira, jina zito lililotwishwa jambo jepesi: maneno machache ya kumwambia tarishi anazitumikia nyumba zipi, sanduku la kila nyumba liko wapi, na barua asiyoijua kwao aitupe wapi. Kobe alikuwa amenong'onezwa jina la sare peke yake, siku za amani, kabla ya plaiwudi. Kwa hiyo kila jina geni tarishi alilitupa kwa sare, kwa nia njema kabisa.

Kebo aliliona hilo, akacheka kicheko cha shujaa aliyeona mgongo wa adui. Akaandika manong'ono mapya kwa mkono wake, moja baada ya jingine: sare, sanduku lake hili, shela, sanduku lake lile. Akamwamsha tarishi palepale mikononi mwake. Kisha akatoka nje, akaazima simu ya muuza rangi, akaiandikia nyumba ya shela neno moja: "Hodi."

"Karibu!" alipiga kelele Shangazi Mdogo kutoka ndani. "Imeingia huku! Imeingia kwangu!"

Ndugu zangu, Kebo alipanda juu ya kigoda. "Enyi shangazi zangu," alisema, "leo giza limeshindwa! Kuanzia sasa hadi vitukuu vyenu..."

"Shuka, kigoda kina mguu mbovu," akasema Shangazi Mkubwa, akampa chai. Kebo akanywa akijua kwamba ameokoa ukoo. Chai kidogo ilimwagikia kibodi. Hayo ndiyo majeraha pekee ya siku ile.

Lakini ushindi wa haraka ni kama mshono wa haraka.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, barua ya bibi harusi mwingine, huyu akitaka mikono ya lesi hadi viganjani, ililala tena kwenye sanduku la sare, na Shangazi Mkubwa, safari hii akiwa amesoma hadi mwisho, aliitoa nje ya mlango kwa uso uliosawijika na kumsomea mdogo wake kupitia dirishani, kwa kuwa alikuwa mkweli katika yote isipokuwa jambo moja.

Shangazi Mdogo hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia Kebo baridi. Alianza tu kukunja vitambaa.

"Shangazi, subiri kidogo, nita..."

"Mwanangu, wewe huna kosa. Umejitahidi. Mashine ina mwenyewe." Akafungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakifunga kwa shuka kama mgonjwa. "Msukuma mkokoteni anakuja baada ya chakula cha mchana."

Kebo alirudi ujiani mbio. Na pale, Ee Subira, macho yake yakaona jambo ambalo vitabu vyote vya chuo havikumwambia.

Kwenye soketi, pale ulipopaswa kuwepo waya wa Kobe, palikuwa na waya wa pasi. Kobe alilala chini ya meza, baridi, feni haivumi. Juu yake, ikifuka mvuke kama farasi wa vita, ilisimama Pasi yenyewe, nzito, uso wa chuma ukimeta. Na nyuma ya Pasi alisimama Shangazi Mkubwa akinyoosha rinda.

"Shangazi," akasema Kebo polepole, "umemchomoa Kobe?"

"Nimemchomoa, ndiyo. Nikimaliza namrudisha. Kuna kosa?"

"Huwa unamchomoa kila siku?"

"Kwani kuna siku isiyo na nguo? Soketi ni moja, mwanangu. Mgeni akija si unampisha kiti? Na namrudisha vizuri, tena nampangusa na vumbi. Ule waya wa kuongezea wa matundu mengi si uliungua, ukataka kutuchomea duka? Sitaki kuuona tena hapa."

Kebo akaketi sakafuni. Yote yakawa wazi. Maneno aliyomnong'oneza tarishi aliyasema kwa mdomo tu, kwa kikao kile. Na yaliyosemwa kwa mdomo hufa mashine ilalapo. Kila asubuhi Pasi ilipokalia kiti cha enzi, Kobe alizimia. Na kila alipozinduka, tarishi alikumbuka manong'ono ya zamani pekee, yale ya sare, yaliyoandikwa siku za amani.

Hapo majaribu mawili yalimjia. La kwanza lilisema: piga marufuku pasi. Lakini sare isiyopigwa pasi ni gunia lenye vifungo. La pili lilikuwa tamu zaidi: mwambie Shangazi Mdogo ukweli, kwamba dada yake huichomoa mashine kila siku, nawe utakuwa umejiosha lawama yote. Kebo aliliangalia jaribu hili machoni. Akawaza: nikisema hivyo, atasikia neno "huichomoa" tu, neno "hakujua" halitavuka plaiwudi. Na kwa kweli kosa halikuwa la pasi. Kazi isiyoweza kustahimili pasi ya shangazi haijakamilika.

"Shangazi," alisema, "endelea. Ukimaliza, mrudishe tu. Mimi napanga upya."

Vita vya pili vikaanza. Kebo aliandika manong'ono yote kwenye faili, yasife tena. Lakini, loo, shujaa na haraka zake! Aliyaandika katika faili lisomwalo pale yeye Kebo aingiapo kwenye mashine. Akayabandika mlangoni mwake mwenyewe, na tarishi hapiti mlango ule. Tarishi huamka chumbani kwake, peke yake, kabla mtu yeyote hajabisha. Kebo alipomchomoa Kobe kwa mkono wake na kumrudisha, kisha akaandika tena "Hodi" kwa simu ya muuza rangi, hodi ile ilibishwa kwa sare.

Na mlangoni sauti nene ikauliza, "Mzigo uko wapi?"

Msukuma mkokoteni alikuwa amefika: mtu mpana, mpole, mwenye kijiti cha meno mdomoni. Akatazama cherehani iliyofungwa shuka, akamtazama Shangazi Mdogo aliyeketi juu ya sanduku la lesi, mgongo kwa plaiwudi. "Nipakie?"

"Pakia."

"Usipakie!" akalia Kebo kutoka ujiani.

"Nipakie au nisipakie? Mimi sina ugomvi na mtu."

"Ndugu yangu," alisema Kebo akijitokeza, utando wa buibui nyweleni, "ewe mwenye magurudumu mawili na kifua kipana, kabla hujautenga ukoo huu kama uzi utengwavyo na sindano, nipe muda wa chai moja. Ikiisha nami nimeshindwa, nitapakia pamoja nawe."

Msukuma mkokoteni akafikiri. "Chai iko wapi?"

Akapewa. Akaketi kwenye kigoda chenye mguu mbovu, akakizoea mara moja, akaanza kupuliza kikombe. Na hakuna mtu aliyepuliza chai kwa uadilifu kama yule, wala harakaharaka wala polepole mno.

Kebo akarudi chini ya meza ya pasi. Safari hii hakunguruma. Aliutafuta waraka wa tarishi mwenyewe, ule asomao kila aamkapo, katika chumba chake. Na hapo, chini kabisa, aliyakuta maneno ya zamani ya sare, yamekaa peke yao. Hakuyafuta. Chini yake akaandika nyumba ya shela na sanduku lake, kwa heshima ileile. Na pale palipoagizwa kwamba barua asiyoijua tarishi itupwe kwa sare, akaagiza irudishwe kwa aliyeituma. Akahifadhi.

Kisha akainuka, akafanya jambo ambalo mimi, mwandishi wenu, nalihesabu kuwa la kishujaa kuliko yote. Hakwenda tena kwa muuza rangi.

"Shangazi Mkubwa," alisema, "chomoa."

"Nini?"

"Mchomoe Kobe. Chomeka pasi, kama kawaida yako. Halafu mrudishe. Shangazi Mdogo, njoo uone kwa macho yako."

Bibi wa Lesi alikuja hadi mlango wa ujia, akasimama na mikono kifuani. Alimwona dada yake akichomoa, akichomeka, Pasi ikipata moto. Akaona rinda moja likinyooshwa, waya ukirudishwa, Kobe akipanguswa vumbi kwa pindo la kanga. Uso wake ukabadilika kidogo, kama kitambaa kinapoguswa na joto. "Kumbe ndivyo hivyo kila siku?" alisema kwa sauti ya chini.

"Kila siku. Kwani ulidhani nini?"

Shangazi Mdogo akashusha mikono kutoka kifuani.

"Sasa barua," alisema Kebo. "Iandikwe kutoka nje, kwa simu. Uandike wewe, Shangazi Mkubwa, kwa anwani yako ya nyumbani, uipeleke kwa shela."

"Mimi niandike nini? Kitu cha kujaribu tu?"

"Chochote, shangazi."

Malkia wa Marinda alishika simu kwa mikono miwili. Aliandika neno, akalifuta. Akatazama ukuta wa plaiwudi. Akaandika tena, taratibu, kwa kidole kimoja, kama mtu atiaye kifungo. Akatuma, kisha akaanza kunyoosha rinda lilelile lililokwisha nyooka.

Feni ya Kobe ikavuma. Msukuma mkokoteni akamaliza chai, akainamisha kikombe kuonyesha kwamba kweli imeisha.

Simu ya Shangazi Mdogo, mezani upande wa shela, ikalia: ting.

Shangazi Mdogo akaenda kuitazama. Tuliokuwepo tulisikia kiti kikivutwa. Kisha tukamsikia akisoma kwa sauti, pengine kwa kusahau kwamba plaiwudi husikia:

"Hakukuwa na panya. Mkasi nimeunoa."

Pasi ikapumua.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Panya gani angekata kola vizuri vile?"

Shangazi Mkubwa akavuta droo, akatoa mkasi uliofungwa kitambaa, akauzunguka ukuta, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ukuta usimame. Akauweka mezani, makali yakimwelekea yeye mwenyewe. Mdogo wake akaujaribu kwenye kipande cha lesi. Ulipita kama maji.

"Nipakie au nisipakie?" akauliza msukuma mkokoteni.

"Fungua shuka hiyo," alisema Shangazi Mdogo, akiitazama cherehani yake. "Kuna mtu anataka mikono ya lesi hadi viganjani."

Basi na isemwe katika masoko na ofisi, na waliohitimu kwa majoho ya kuazima wawasimulie watakaohitimu baada yao: kwamba siku ile, mbele ya mashahidi, mashine ilizimwa ikawashwa, na tarishi akaamka akijua nyumba zote mbili, na barua ya shela ikalala kwa shela. Falme zimeanguka kwa mambo madogo kuliko hayo. Kebo, Mfungua Vifuniko, alisimama katikati ya ujia, akajaza kifua hewa, akainua mkono wa kuume.

"Enyi shangazi zangu!" alianza. "Katika historia ya..."

"Umemaliza hapo?" aliuliza Shangazi Mkubwa, akirudi na rundo la sare hadi kidevuni. "Nina kazi."

Kebo akaushusha mkono. Akainama, akaushika waya wa Kobe, akauchomoa yeye mwenyewe bila woga wowote, akampisha Pasi kiti chake. Na nyuma ya plaiwudi, mtu akaanza kuimba wimbo ule wa zamani, akiuharibu kwa namna yake, akisubiri mwenzake auharibu kwa namna nyingine.